Kikwazo kiitwe kikwazo

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na gazeti lako nimelisoma tangu siku ambazo hapa kwetu Muheza lililetwa na makondakta wa mabasi yanayotoka Tanga mjini, nasi walimu tukalisoma kwa zamu hadi karatasi ikalegea. Tabia ya kusoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi sijaiacha, na ndiyo iliyonisukuma kukuandikia. Wiki iliyopita niliamua kupigia mstari neno moja tu, neno "changamoto", na kabla sijafika kurasa za michezo meza yangu ilikuwa na magazeti matatu yaliyojaa wekundu. Kijiji kisicho na maji kilikuwa na changamoto. Zahanati iliyoishiwa dawa ilikuwa na changamoto. Wakulima na wafugaji waliopigana wakaumizana walikuwa na changamoto ya ardhi. Kilichonifanya niiweke kalamu chini ni habari ya mwanamke aliyevunjwa mkono na mumewe, ambamo jirani alinukuliwa akisema kwamba wawili hao walikuwa na "changamoto za ndoa", na mwandishi akalichukua neno hilo akalifanya kichwa kidogo cha habari.

Mkono ulivunjwa, Ndugu Mhariri, na aliyeuvunja yupo. Naomba nafasi katika safu yako nieleze kwa nini naamini kwamba neno hili limebebeshwa mzigo usio wake, na kwa nini yale mambo yanayotuzuia kusonga mbele yanastahili kuitwa kwa jina ambalo Kiswahili kilikuwa nalo tangu zamani, yaani vikwazo.

Nianze kwa kulitendea haki neno lenyewe, kwa sababu changamoto ni neno zuri na sina ugomvi nalo. Wengi wetu tunalisikia kuwa ni ndugu wa kitenzi "changamka", na ndivyo nilivyowafundisha wanafunzi wangu walisikilize: ni jambo linalomwamsha mtu aliyezubaa, likamtia ari ya kujipima nguvu au akili. Mwanafunzi anayemuuliza mwalimu swali gumu anampa changamoto, na mwalimu mwenye moyo wa kazi hurudi nyumbani jioni hiyo akafungua vitabu. Mtunzi anayewatupia wenzake fumbo katika ukurasa wa mashairi, akawataka wamjibu kwa vina na mizani ileile, anawapa changamoto, nao hulumbana wiki baada ya wiki huku wasomaji tukingojea kwa hamu toleo lijalo. Wapenzi wa soka wa Afrika Mashariki na Kati wana Kombe la Chalenji. Neno hilo lilitoholewa kutoka kwenye neno lilelile la Kiingereza ambalo leo tunalitafsiri kwa "changamoto", na hakuna shabiki aliyewahi kudhani kwamba maana yake ni matatizo. Zanzibar walipolitwaa kombe hilo mwaka 1995 watu walishangilia kwa sababu timu yao iliitwa uwanjani kupimwa, ikapimwa, ikashinda. Changamoto ya kweli huwa na uwanja, huwa na mshindani, na mtu anaweza hata kuitafuta kwa hiari yake.

Sasa niulize kwa dhati: nani ameitafuta kwa hiari yake zahanati isiyo na dawa?

Kwa kadiri ninavyokumbuka, neno hili lilianza kututawala kupitia semina na warsha, pale ripoti za miradi zilipoanza kuandikwa kwa kiolezo kimoja chenye vichwa vilivyopangwa tayari: Mafanikio, Changamoto, Mapendekezo. Kiolezo hicho kiliandikwa kwanza kwa Kiingereza, nasi tukakijaza kwa Kiswahili. Kutoka kwenye ripoti neno likahamia kwenye hotuba, kutoka kwenye hotuba likaingia kwenye risala, na risala ndiyo iliyolifikisha mikononi mwangu. Mimi mwenyewe nimeshiriki katika kulieneza, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo.

Katika shule moja ambayo sitaitaja, nilikuwa mwandishi wa risala ya mahafali ya darasa la saba kwa miaka kadhaa. Mwaka mmoja mvua za masika zilititisha vyoo vya wasichana, na kati ya matundu manne yakabaki mawili, wakati wasichana walizidi mia mbili. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja kwa kila wasichana 20 na tundu moja kwa kila wavulana 25, kwa hiyo hesabu haikuhitaji mtaalamu. Niliandika katika rasimu kwamba wasichana wetu wote wanatumia matundu mawili, kwamba wakati wa mapumziko wengine huenda kichakani nyuma ya uwanja, na kwamba walio katika siku zao hubaki nyumbani. Mwalimu mkuu aliisoma rasimu akiwa amesimama, akavuta mstari juu ya sentensi zote tatu, akaandika kwa mkono wake: "Shule inakabiliwa na changamoto ya miundombinu ya usafi." Aliniambia kwa upole kwamba mgeni rasmi asingependa kuaibishwa mbele ya wazazi. Nilikubali.

Siku ya mahafali risala ilisomwa na msichana wa darasa la saba mwenye sauti nzuri, aliyeifanyia mazoezi wiki nzima. Alipofika kwenye sentensi ile alitulia kidogo kama nilivyomfundisha, kisha akaendelea. Mgeni rasmi alipopewa nafasi ya kujibu alisema maneno ambayo kila aliyewahi kukaa chini ya turubai la mahafali anayafahamu: "Changamoto zenu nimezisikia, nimezipokea, na tutazifanyia kazi." Makofi yakapigwa. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa nyuma karibu na wazazi, na mbele yangu alikuwapo bibi mmoja aliyejitanda kanga, ambaye mjukuu wake alikuwa akihitimu. Alimwinamia mama aliyekaa jirani yake akamuuliza, "Mwanangu, wamesema tuna nini?" Yule mama akamjibu kwa sauti ya chini, "Bibi, wanasema vyoo vimetitia, watoto wa kike wanakwenda kichakani." Yule bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti iliyosikika mistari miwili nyuma: "Sasa si wangesema hivyo!"

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Mzungumzaji wa Kiswahili tangu kuzaliwa, aliyekaa saa nzima juani akisikiliza risala ya Kiswahili, alihitaji mkalimani wa kumtafsiria kwa Kiswahili. Jambo lililomhusu mjukuu wake kila siku ya shule lilipita juu ya kichwa chake likiwa limevaa nguo za ofisini, na kama si yule mama angerudi nyumbani akiamini kwamba kule shuleni kuna kitu fulani kinaitwa miundombinu.

Baadaye, nikiwa na muda wa kutafakari, nilijaribu kuelewa neno hili linafanyaje kazi hiyo ya kuficha, na nikakuta kwamba siri kubwa imo katika maneno linaloambatana nayo. Tazama kwanza kitenzi tunachokipenda sana: "tunakabiliwa na changamoto". Kiswahili kina njia yake ya kauli ya kutendwa, na baada ya kitenzi cha kutendwa tunamtaja mtenda kwa "na": mtoto amepigwa na mwenzake, nyumba imejengwa na fundi, fedha zimeibwa na mtunza stoo. Tunaposema "shule inakabiliwa na changamoto", ile nafasi ya mtenda tayari imekwishajazwa. Msikilizaji hawezi tena kuuliza "na nani?", kwa sababu ameshajibiwa: na changamoto. Tazama pia lile neno jingine linalopatikana katika karibu kila hotuba, "changamoto zilizojitokeza". Zimejitokeza! Hakuna aliyezileta wala aliyezilea, zimeota zenyewe kama uyoga baada ya mvua. Msiba unaweza kujitokeza. Pampu iliyokosa kufanyiwa matengenezo kwa miaka mitatu haijajitokezea kuharibika.

Neno "kikwazo" haliruhusu hayo. Mzizi wake ni "kwaa", ule tunaoupata katika kujikwaa, na ambao waandishi wenzako wanautumia vizuri kabisa wanaposema kwamba timu fulani imekwaa kisiki. Kutoka hapo tunapata "kwaza", yaani kumfanya mtu mwingine ajikwae, na waumini makanisani wanalijua vyema neno hilo, kwa maana mtu akimuumiza mwenzake moyoni huambiwa amemkwaza na hutakiwa kwenda kumwomba radhi. Kisha lugha ikaunda jina la kitu kwa mtindo uleule unaotupa kizibo kutokana na kuziba na kifuniko kutokana na kufunika: kikwazo ni kitu chenye kukwaza. Ndani ya neno hilo moja kuna njia, kuna mguu wa mtu aliyekuwa akienda mahali, kuna kitu kilichomkwaza, na mara nyingi kuna aliyekiweka kitu hicho au aliyekiona asikiondoe. Wazee wetu walituachia methali inayosema usitazame ulipoangukia, tazama ulipojikwaa, na mimi naiona kuwa ni kanuni bora ya uandishi wa habari kuliko nyingi zinazofundishwa vyuoni. Mahali tulipoangukia kila mtu anapaona, kwa kuwa ndipo penye vumbi na kilio. Ulipojikwaa panahitaji mtu arudi nyuma hatua chache, ainame, atafute.

Ni kwa sababu hiyo neno hili lilifaa sana lilipochukuliwa na wanadiplomasia. Julai 1996, Meja Pierre Buyoya alipotwaa madaraka nchini Burundi kwa mapinduzi, viongozi wa nchi za kanda hii walikutana Arusha tarehe 31 ya mwezi huohuo wakaiwekea Burundi vikwazo vya uchumi, na vikwazo hivyo vikasitishwa Januari 1999. Kila msikilizaji wa redio wa miaka ile alijua vikwazo ni nini, nani amevikubali, vimewekwa dhidi ya nani, na kwa sharti gani vitaondolewa. Vilevile wafanyabiashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanapolalamikia "vikwazo visivyo vya kiforodha", wanamaanisha mizani ya ziada barabarani, kibali kinachodaiwa upande mmoja wa mpaka na kukataliwa upande wa pili, lori la nyanya linaloshinda juani likisubiri muhuri. Vikwazo huwekwa, hulegezwa, huondolewa, na vitenzi vyote hivyo vinahitaji mikono ya watu. Changamoto tunazifanyia nini? Tunakabiliana nazo, tunazipokea, tunazichukua. Sijawahi kusikia zikiondolewa.

Sisemi kwamba kila mahali penye "changamoto" tuweke "kikwazo" bila kufikiri, kwani tutakuwa tumehamisha uvivu kutoka neno moja hadi jingine. Kiswahili kina hazina kubwa hapa, na kila neno lina mahali pake. Kukiwa na kitu kinachoudhi watu kila siku, tunayo kero, na neno hilo linatokana na "kera", kwa hiyo haliwezi kutajwa bila kumkumbuka anayekerwa. Nadhani ndiyo sababu "kero za Muungano", tulizozizoea tangu zamani, siku hizi huitwa changamoto au hoja za Muungano, ingawa aliyekerwa hajaambiwa kwamba kero yake imebadilishwa jina. Walimu wanapokuwa wachache huo ni upungufu. Hesabu zisipolingana hiyo ni dosari. Mtu anapokataa jambo kwa haki aliyopewa na sheria, kama inavyotokea wakati wa uteuzi wa wagombea, ameweka pingamizi. Gogo lililolazwa barabarani ni kizuizi. Shughuli iliyosimama isiende mbele wala nyuma imekwama, na uzuri wa "kwama" ni kwamba ina "kwamua" ubavuni mwake, dawa ikiwa imekaa karibu na ugonjwa. Ikiwa mtu ameshindwa kufanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, huo ni uzembe, na ikiwa fedha zimechukuliwa, huo ni wizi, hata kama aliyezichukua amevaa suti.

Walioijenga nchi hii hawakuogopa maneno ya namna hiyo. Tulipopata uhuru mwaka 1961 Mwalimu Nyerere alitutajia maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na kila mtoto wa shule wa rika langu aliweza kuwataja kwa vidole. Adui ni neno linalomtaka msikilizaji asimame. Azimio la Arusha lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967 lilisema kwamba tumeonewa, tumenyonywa na tumepuuzwa kiasi cha kutosha, vitenzi vitatu vya kutendwa ambavyo vyote vinaiacha wazi ile nafasi ya mtenda, ili msikilizaji aulize mwenyewe: na nani? Jaribu, Ndugu Mhariri, kuiandika upya sentensi ile kwa lugha yetu ya leo, kwamba taifa lilikuwa likikabiliwa na changamoto za kihistoria, uone kama kuna mtu mmoja ambaye angetembea kwa miguu kilomita hata moja kuiunga mkono. Watu walitembea kutoka mikoani hadi Dar es Salaam.

Najua nitaambiwa kwamba lugha hukua, na kwamba maana ya neno huamuliwa na watumiaji wengi wala si na mzee mmoja wa Muheza mwenye kalamu nyekundu. Hilo ni kweli na nimelifundisha darasani. Lakini waandishi wa habari ni sehemu ya hao watumiaji, tena sehemu yenye sauti kubwa kuliko nyingine zote, kwa hiyo hawawezi kuyasubiri matumizi kama mtu anayesubiri hali ya hewa. Nitaambiwa pia kwamba Kiswahili ni lugha ya staha na kwamba changamoto ni tasifida tu, kama tunavyosema amejifungua, amefariki, amekwenda haja. Hoja hii naiheshimu zaidi, kwa sababu mimi pia nililelewa katika staha. Ila tasifida za wazee wetu zilikusudiwa kumsitiri aliye dhaifu kwa wakati huo: mzazi, mgonjwa, maiti, mfiwa. Risala yangu ilimsitiri mgeni rasmi, na wale wasichana wakabaki bila sitara yoyote kichakani.

Tena wakati mwingine hata wale tunaodhani tunawasitiri hawajatuomba. Naona katika habari nyingi watu wakiitwa "wenye changamoto ya usikivu", wakati wenyewe wana chama chao wanachokiita Chama cha Viziwi Tanzania, na jina hilo hawakulionea haya. Na mwaka 2020 hadi 2021 masikio yetu yalizoeshwa kusikia kwamba fulani amefariki kwa "changamoto ya upumuaji". Nilizika watu wangu wa karibu katika miezi ile, na ninaweza kusema kwamba neno lile halikumfariji yeyote makaburini. Lilituacha tukitazamana, bila kujua tujikinge na nini.

Ombi langu kwako ni dogo na linawezekana. Mwandishi wako anapoleta habari kwamba kata fulani ina changamoto ya maji, mrudishie habari hiyo kabla haijachapwa, umuulize ni nini hasa kilichotokea. Kama bomba limepasuka, anatakiwa fundi. Kama mota ya pampu imeungua, kuna aliyepaswa kununua nyingine na kuna fungu lililopaswa kutumika. Kama umeme wa pampu umekatwa kwa deni, basi kuna mweka hazina wa jumuiya ya watumia maji ambaye ana maelezo ya kutoa, na huenda maelezo yake ni ya haki kabisa, kwamba wananchi wenyewe hawakuchangia. Kama chanzo kimekauka kwa sababu miti ya mlimani imekatwa, hiyo ni habari kubwa kuliko zote na inastahili ukurasa wa mbele. Habari nne tofauti, zenye watu tofauti na tiba tofauti, zote leo zinachapwa kwa maneno mawili yaleyale, na mama mwenye ndoo kichwani hajui aende kumgongea nani mlango.

Ningefurahi pia kama Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa kwa sheria mwaka uleule wa Azimio, lingelizungumzia jambo hili kwa uzito kupitia vipindi vyake, kwa sababu walimu wa sasa wanawasahihishia watoto insha zilizojaa neno hili na hawana pa kushika wanapolikata.

Pamoja na barua hii nimeambatanisha kurasa za magazeti matatu niliyoyasema. Kando ya kila mstari mwekundu nimeandika kwa penseli neno ambalo nadhani mwandishi alilikusudia: pengine uhaba, pengine deni, pengine kipigo, pengine kikwazo. Kuna sehemu tano nilizoziacha bila kuandika kitu, kwa sababu nilizisoma mara mbili na tatu na bado sikuweza kujua watu wa kule wamepatwa na nini. Hizo naomba uwarudishie waliozituma, waende wakaulize.

Wako katika ujenzi wa lugha,
Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga.